Maneno Mawili ya Kumfundisha Mgeni

Mgeni alikuwa hata hajapanda ndege huko kwao Durban, na tayari nyumba ya Mikidadi pale Mwembesongo ilikuwa imechoka kumpokea. Kitanda cha Shakila kilikuwa kimehamishwa chumba hiki na kurudishwa kile. Mlango wa choo, uliozoea kufungwa kwa kuegeshewa tofali, ulitiwa komeo jipya. Chandarua kilifuliwa, kikaonekana kina matundu, kikashonwa, kikafuliwa tena. Na Pili, ambaye kwa kawaida kunapokucha huwa ameshafungua genge lake la viazi na karoti za Mgeta, alikuwa bado uani na ufagio mkononi, akifagia mahali alipokwisha kufagia.

"Mama, utatoboa ardhi," binti yake Shakila akamwambia.

"Acha nitoboe. Anayekuja si wangu, lakini uchafu akiukuta utakuwa wangu."

Anayekuja alikuwa mtoto wa mumewe. Miaka ile ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Mikidadi alikuwa kijana wa kazi za shamba kwenye kambi yao pale Mazimbu, akapendana na msichana mmoja wa Kisauzi. Msichana akahamishwa na mimba yake, na habari zake zikakatika. Mwaka jana mama yule alifariki, lakini kabla ya kufa alimtajia bintiye jina la baba na jina la mji. Binti, aitwaye Zoleka, akahangaika mitandaoni mpaka akampata Shakila. Sasa alikuwa anakuja kumwona baba yake, mara ya kwanza kukanyaga Tanzania, mara ya kwanza kutoka nje ya nchi yake tangu mama yake arudi naye akiwa mdogo.

Pili hakuwa na hofu ya mali. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kile kiwanja walichojenga kilikuwa cha upande wa Pili, kila mtu mtaani alijua. "Aje achukue nini kwangu, karoti?" aliwajibu majirani waliomuuliza kwa macho ya kumhurumia. Kilichomkaba ni kitu kingine. Mikidadi, mume ambaye watoto wake wawili walipozaliwa alisema Alhamdulillahi mara moja akarudi kazini, siku hizi alikuwa akiimba bafuni. Mzee mzima! Ulikuwa wivu, na Pili alijua ni wivu, na kuujua hakukumsaidia chochote.

Kulikuwa na jambo jingine la kuudhi. Zoleka alituma picha zake, akaomba ya baba yake, mzee akakataa. Akaomba waonane kwenye simu, akakataa pia. "Mtoto hamwoni baba yake kwa mara ya kwanza ndani ya simu," alisema. "Atanikuta hapa, nimekaa, nimevaa." Ukweli ni kwamba meno ya mbele yalikuwa yamepungua, naye alitaka kwanza asikike, ndipo aonekane. Kwa hiyo mgeni alitumiwa picha ya Twalibu, kifungua mimba wa Pili, akiwa ameegemea bajaji yake ya kijani. Huyo ndiye atakayekuja kumchukua, aliambiwa. Asiende na mwingine.

*

Ushauri wa safari ulitolewa alasiri, kwenye mkeka uani. Shakila ndiye aliyekuwa anaandika, kwa kuwa ndiye mwenye Kiingereza, na Hafidhi muuza simu, jirani yao, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Hafidhi aliwahi kwenda Dubai kununua simu, akarudi na mwendo mpya. Tangu hapo mtaani hapakuwa na safari ya mtu iliyopita bila yeye kuitolea maelekezo, hata kama mtu anakwenda Kilosa.

"Andika," alisema. "Akishuka uwanja wa ndege asikimbilie teksi ya kwanza. Wale watakaomjia na 'sista, sista', awapite kama hajawaona. Aite gari kwa simu, aangalie namba za gari na sura ya dereva. Zisipofanana, asipande."

"Ataitaje gari na hana laini?" akauliza Twalibu.

"Anunue laini humohumo uwanjani, atoe pasipoti, aweke kidole. Asinunue kwa mtu wa barabarani. Na hela asibadilishe mtaani, hata wakimpa bei ya peponi."

"Ndani ya gari asikae na simu dirishani," Twalibu akaongeza. "Kwenye foleni pale wanaipitia kama mwewe."

"Treni je?" Shakila akauliza bila kuinua macho.

"Awahi," Hafidhi akajibu. "Awe na pasipoti mkononi, maana pasipoti ndiyo kitambulisho chake. Ile si basi, haibembelezi mtu. Mlango ukifungwa umefungwa, hata uwe nani."

"Na asile kitu cha kupewa na mtu asiyemjua," Twalibu akasema.

"Naam! Hilo liandike kwa herufi kubwa."

Mikidadi alikuwa amekaa pembeni, tasbihi mkononi, anamsikiliza kila mmoja akimaliza. Mwisho akakohoa. "Mbona hamumwambii hata neno moja zuri?" aliuliza. "Mtoto anakuja kwao, ninyi mnampeleka vitani. Mwambieni akae upande wa kushoto. Akifika Mikese atazame nje, ataiona milima. Mwambieni hiyo milima ndiyo sisi."

Wakatazamana. Hafidhi alitaka kucheka, akaona si mahali pake. Shakila akaliandika hilo nalo, polepole kuliko mengine.

Hapo ndipo Pili alipoufikia mwisho wa uvumilivu wake. Aliifuta mikono kwenye kanga, akamnyang'anya bintiye simu. "Lete hapa. Mnamwandikia kitabu mtu wa watu. Hana haja ya kitabu." Akabonyeza mahali pa kurekodi sauti, akaileta simu mdomoni kama anayetaka kuila.

"Zoleka! Mimi Mama Pili. Huku kwetu maneno mawili yanakutosha. La kwanza, shikamoo. Ukiona mtu mwenye mvi, sema shi-ka-moo, utakula hata usipokuwa na njaa. La pili, mwizi. Pale stendi wana mikono mirefu. Mtu akishika begi lako, mtu yeyote, hata akikuchekea, hata akiwa mzee, usiachie! Vuta, na upige kelele hivi: Mwiziii! Mwiziii! Watu watakuja."

Kuku walitawanyika. Jirani wa nyuma alichungulia ukutani kuuliza amekamatwa nani. Wote pale mkekani walicheka mpaka Hafidhi akajifuta machozi, isipokuwa Mikidadi.

"Neno hilo si la kuchezea, Pili," alisema.

"Sichezi. Kwani Msamvu huijui? Mtu bado anashuka ngazi za basi, begi lake limeshatangulia kwenye pikipiki."

Shakila akaongezea maelezo kwa Kiingereza, akatuma. Baadaye kidogo jibu likarudi, sauti ya mwanamke mzima yenye kicheko ndani yake, ikijifunza: "Shi-ka-moo." Kisha, kwa mahadhi yaleyale ya Pili, na mvuto uleule wa mwishoni: "Mwiziii!"

Wakacheka upya. Pili naye alicheka. Nusu ya ukelele ule ilikuwa huruma, kwa sababu binti wa mwenzio ni binti, na stendi ni stendi. Nusu ya pili alijua ilitoka wapi. Alitaka mgeni aingie mji ule akiwa na hofu kidogo, asije akajiona amefika nyumbani haraka mno. Alilijua hilo vizuri sana, akaenda kuchambua mchele.

*

Siku yenyewe kila kitu kilikwenda upande. Ndege ilichelewa, foleni ya uhamiaji ikawa ndefu, na Zoleka alipofika kwenye treni mlango ulikuwa umefungwa kama Hafidhi alivyotabiri. Viti vya treni iliyofuata vilikuwa vimejaa. Twalibu alikuwa ameshafika stesheni ya Kihonda na bajaji yake ameiosha mpaka tairi, akasubiri abiria wote wakashuka, wakaisha, akabaki yeye na mfagiaji.

Ujumbe uliingia mchana kwenye simu ya Shakila, naye akausoma kwa sauti huku akiutafsiri: "Treni imeniacha. Nimepanda basi. Nimekaa kushoto. Chaji inaisha. Nitashuka Msamvu."

"Mpigie Twalibu ageuze, aende Msamvu," Pili akasema.

Mikidadi alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya ua tangu asubuhi, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Alikuwa amekatazwa kukaa mkekani, amekatazwa kuegemea ukuta. Aliposikia Msamvu alisimama.

"Hapo ni karibu. Niende nikampokee."

"Uende wapi? Kaa chini," Pili akamwambia. "Baba mwenye nyumba hagombanii mgeni na wapiga debe. Si ulisema atakukuta umekaa, umevaa? Basi kaa, na umeshavaa."

Mzee akakaa. Akasimama. Akalitazama jua, akakaa tena, akainuka akachungulia barabarani, akarudi. Pili alikuwa jikoni anakuna nazi na kila mara alimwona kwa pembe ya jicho, na kila alipomwona alijisikia kumrushia kifuu. Miaka yote ile hajawahi kumsubiri yeye namna hiyo, hata alipokwenda mlimani Matombo kwenye misiba ya kwao akakaa wiki.

"Nakwenda msikitini," Mikidadi akasema mwishowe.

"Nenda. Umwombee na dereva wa basi."

Alitoka kwa hatua za haraka. Pili alimwona mgongo tu, kanzu ikimpiga miguuni, na haikumjia hata kidogo kuangalia kama mzee amekata kulia kuelekea msikitini au amenyoosha.

Kuku alikuwa ameanza kulainika simu ilipoita. Alikuwa Twalibu, na sauti yake haikuwa yake.

"Mama, njoo Msamvu. Njoo pale polisi ya stendi. Baba amepigwa."

"Amepigwa na nani?"

"Na watu."

"Kafanya nini?"

Twalibu akaisogeza simu karibu na mdomo. Nyuma yake zilisikika honi na mtu anayeita abiria wa Dodoma.

"Wanasema kaiba begi," alisema.

Pili hakuipua chungu. Alikamata mkono wa Shakila, wakasimamisha bodaboda, wakapanda wote wawili mshikaki, mama mbele, binti nyuma, na harufu ya nazi mikononi.

*

Twalibu aliwakuta nje ya kituo. Alikuwa na hasira isiyokuwa na wa kumshukia.

"Alifika kabla yangu," alieleza. "Dada kashuka kwenye basi, wapiga debe wakamzunguka, huyu anamvutia teksi, huyu bodaboda. Baba kapenya katikati yao. Wanasema hakutoa hata salamu, Mama. Kacheka tu, kashika begi. Si unamjua baba."

Pili alimjua. Nani pale asingemjua? Kwao, mgeni hapokelewi kwa maneno, hupokelewa mzigo. Unamwona kwa mbali, unakimbia, unamtua, salamu zitafuata. Mtoto anayebaki amekaa wakati mtu mzima anaingia na kapu mkononi, hilo hukumbukwa mpaka siku ya kuposa. Wala huombi ruhusa, maana anayeuliza "nikusaidie?" ameshaonyesha uchoyo. Na mgeni mwenye adabu haachii mara moja. Huvuta kidogo, husema acha tu, si mzito, na mwenyeji naye huvuta zaidi. Hivyo Zoleka alivyozidi kulivuta begi lake kwa nguvu zote, Mikidadi alizidi kufurahi kwamba marehemu alimlea mtoto vizuri.

"Halafu akapiga kelele," Twalibu akasema. Alimtazama mama yake, kisha akatazama chini. "Walivyoniigia, kapiga kelele kama wewe, Mama. Vilevile."

Ndani ya kituo kulikuwa na meza moja, na nyuma ya meza koplo mmoja mwanamke aliyeitwa Ester, mnene, mwenye uso wa mtu aliyekwisha kusikia kila aina ya uongo wa stendi. Yeye ndiye aliyemtoa mzee mikononi mwa watu. Mikidadi alikuwa kwenye benchi la ukutani. Jicho moja lilikuwa limevimba, kanzu imechanika kutoka shingoni mpaka kifuani, kofia haipo. Miguu ilikuwa mitupu.

Chumba cha pili mlango ulikuwa wazi nusu. Humo alionekana mwanamke amekaa kwenye kiti, amewapa mgongo, anakunywa maji ya chupa. Begi lake jeusi la magurudumu lilikuwa katikati ya miguu yake, na kamba ya begi ameizungusha kiganjani.

"Nyie ndio ndugu wa huyu mzee?" koplo akauliza. "Maana mimi simwelewi. Namuuliza unamfahamu yule dada, anasema hamfahamu. Namuuliza ulitaka nini kwenye begi, anasema alichanganya na begi lake. Begi lake liko wapi? Hana. Nikamwambia mzee wangu, ukisema hivyo nakuandika mwizi. Ananijibu, andika."

Pili alimgeukia mumewe. "Mikidadi. Umechanganyikiwa?"

"Sema polepole," mzee akasema. Mdomo ulikuwa umevimba na maneno yalitoka yakichechemea. "Usimwambie."

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba ni mimi. Nimeshamkataza na Twalibu. Kaa hapa, sikiliza." Pili akakaa, naye akainama karibu. "Huyu ametoka kwao na maiti ya mama yake bado haijapoa moyoni. Amekuja kumwona baba. Atarudi aseme nini? Nilimwona baba yangu, nikamwitia watu wakampiga? Ataishi nalo vipi hilo, Pili? Hata akiwa bibi kizee litamwamsha."

"Kwa hiyo?"

"Mpelekeni nyumbani. Mwambieni baba kapanda mlimani, kuna msiba wa ghafla, mtandao haupatikani. Atakula, atalala, mtamwonyesha mji. Mimi nitabaki hapa hata mpaka aondoke, koplo si mtu mbaya. Nimemwona, inatosha. Pua ni ya mama yake." Akameza mate kwa shida. "Muulizeni tu kama aliiona milima."

Pili alikuwa anautazama mkono wa mumewe uliokuwa juu ya goti. Kucha moja ilikuwa imeng'oka nusu. Hakuwa ameliachia begi, hata walipokuwa wanampiga. Angeliachia wangemwacha.

"Ile kelele ni ya kwangu," Pili akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Najua," Mikidadi akasema. "Niliitambua."

Hakusema kwa kulaumu. Kama angelaumu, Pili angepata la kujibu, maana hajawahi kushindwa maneno tangu aolewe.

*

Sauti zao zilimfanya mgeni ageuke. Akasimama, akaja mlangoni akilivuta begi, akamtazama Pili, akamtazama Shakila, akaijua sura ya Shakila. Kisha Pili akasema "Karibu," neno moja tu, na uso wa Zoleka ukafunguka. Sauti ile aliijua. Alimrukia shingoni, akamkumbatia, mtu mzima na mvi mbili tatu kichwani, akiongea Kiingereza cha mbio na machozi.

"Anasema nini?" Pili akauliza juu ya bega lake.

Shakila alisita. "Anasema asante. Anasema alifanya kama ulivyomwambia. Anasema wewe ndiye uliyemwokoa."

Benchi lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Mikidadi alikuwa ameinamisha kichwa, ameuficha uso uliovimba kwa kiganja, kama mwizi hasa. Na Zoleka aliyapitisha macho juu yake haraka, kwa woga, akayarudisha kwa Pili.

Ilikuwa rahisi sana. Pili aliuona urahisi wenyewe umekaa mbele yake. Aseme pole mwanangu, twende nyumbani, baba yako kapanda mlimani. Mzee mwenyewe ameomba. Mgeni angekula kuku kama bado hajaungua, angepiga picha, angeondoka, na nyumba ingerudi kama ilivyokuwa, bila mtu wa kuimba bafuni. Si ndicho alichokuwa anakitaka tangu ile barua ya kwanza ya kwenye simu? Alikipata sasa, kizima, na hakukitaka tena.

"Shakila," alisema, "mwambie ninavyosema, na usipunguze neno."

Kutoka kwenye benchi Mikidadi akasema kitu kwa Kiluguru, kwa ukali ambao Pili hakuwahi kuusikia. Pili hakugeuka.

"Mwambie yule mzee si mwizi."

Shakila akatafsiri.

"Mwambie huku kwetu ukimpenda mgeni unampokea mzigo kwanza, ndipo unaongea. Mwambie yule mzee alisahau kuongea kwa furaha." Akavuta pumzi. "Mwambie yule ndiye baba yake."

Shakila akamgeukia Zoleka. Alilisema huku analia, na koplo Ester aliyekuwa anaandika akaiweka kalamu chini.

"Na umwambie mkosaji ni mimi. Nilimfundisha kupiga kelele. Sikumfundisha kupokelewa."

Zoleka alikuwa anatikisa kichwa. Alisema no, akasema tena no, akaweka mkono mdomoni. Alimtazama Twalibu, aliyekuwa amesimama nyuma yao, kama anayeomba akanushe, na Twalibu akaangalia ukuta. Akarudi nyuma mpaka akagonga mlango. Pili alidhani atakimbia, na hakuwa na haki ya kumzuia.

"Baba ana swali lake moja tu," Pili akasema. "Mwambie, Shakila. Anauliza kama aliiona milima."

Zoleka aliuondoa mkono mdomoni. Kwenye zile jumbe zote alizotumiwa, zenye teksi na laini na wezi na vyakula vya kulewesha, moja tu haikuwa ya kumtisha, nayo aliifuata mpaka mwisho. Alikaa kushoto. Alipotazama nje pale Mikese alikuwa ameiona, ya bluu, wingu juu yake, na alikuwa amelia peke yake dirishani bila kujua kwa nini.

Alivuta pumzi. Akaanza kutembea kuelekea kwenye benchi, na magurudumu ya begi yakakwaruza sakafuni nyuma yake. Alipofika mbele ya mzee akaifungua ile kamba aliyoizungusha kiganjani. Akainama, akalinyanyua begi kwa mikono miwili, zito, mishipa ikamtoka shingoni, akalinyoosha mbele.

"Shi-ka-moo," akasema.

Mikidadi aliuondoa mkono usoni. Alisimama kwa kujishika ukuta. Kanzu iliyochanika ilimwangukia begani, naye akajaribu kuirudisha, ikaanguka tena, akaiacha. Akalishika begi. Zoleka safari hii hakuvuta. Aliachia, na uzito wote ukamwendea baba yake.

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema, pengo na damu vikaonekana vyote, na hakujali. "Pole na safari."

Koplo Ester alikichana kile alichokuwa ameandika, akakitupa chini ya meza, akasema chumba kile ni kidogo, waende kulilia mbele ya safari.

Nje, stendi ilikuwa ileile. Mabasi yalinguruma, wauza karanga walikimbia madirishani, na wapiga debe walikuwa wamesimama kikundi, wakiwatazama wanaotoka. Habari ilikuwa imeshawafikia. Mmoja wao alisogea na kofia ya mzee mkononi, ameikung'uta vumbi kwenye suruali yake, akaitoa bila kumtazama mtu. Twalibu aliipokea.

Begi lilikuwa zito na mzee alichechemea. Magurudumu yalikuwepo, lakini hakutaka kulivuta. Alilibeba, upande mmoja umemwinamia, na Zoleka akatembea kando yake mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Baada ya hatua kadhaa Twalibu akashindwa kuvumilia, akanyoosha mkono.

"Baba, lete."

"Muache," Pili akasema. "Mzigo una mwenyewe."

Kisha akafunga kanga yake kiunoni, akatangulia mbele yao wote kuingia katikati ya ule umati wa pikipiki na watu waliokodoa macho, na kwa sauti ileile iliyotawanya kuku, akapiga kelele:

"Pisheni! Pisheni njia! Mtoto wetu huyo! Pisheni!"